Kitufe cha Nyota na Harusi ya Wazazi Wangu

Baba alitutangazia harusi yake tukiwa tunachambua maharage. Alisema kwamba padri amewaita wote wanaoishi pamoja bila ndoa ya kanisa, kwamba mafundisho wameshayamaliza, na kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi yeye na mama watafunga ndoa pamoja na wenzao wengine. Mama hakuinua kichwa, aliendelea kutoa vijiwe kwenye ungo. Kisha baba akanigeukia.

"Na picha utapiga wewe."

Wazazi wangu walioana kwa mila huko Burundi, mahari ikatolewa, pombe ikanywewa. Harusi ya kanisani ilikuwa imepangwa kufanyika baada ya mavuno. Badala ya mavuno tukakimbia, na mimi nilikuwa bado mgongoni. Tangu hapo tuko Nakivale, makazi ya wakimbizi huku Uganda. Tuna shamba dogo la mahindi na maharage, mama anauza ndagala, wale dagaa wakavu, sokoni, baba anatengeneza baiskeli. Miaka imekwenda na hawajawahi kuwa na picha yao wawili, si ya huko tulikotoka wala ya hapa.

Kamera nilikuwa nayo, ila haikuwa kamera ya kujivunia. Shemeji yangu aliinunua Kampala, ikiwa tayari imetumika, kisha ikamponyoka mkononi na kuanguka kwenye saruji. Kioo cha nyuma, kile kinachoonyesha picha ukishapiga, kilipasuka na kuwa cheusi moja kwa moja. Vingine vyote vilifanya kazi. Unaweka jicho kwenye kidirisha cha kutazamia, unabonyeza, unasikia mlio, basi. Umepata nini, hujui. Shemeji akanunua nyingine, hiyo akanipa mimi. Nilipotaka kuona picha zangu nilitoa ile kadi ndogo ya ndani na kuipeleka senta, pale penye maduka, kwa kaka mmoja anayeweka nyimbo na filamu kwenye simu za watu. Alikuwa na kompyuta na sola juu ya bati, na hakuwahi kuninyima dakika zake.

Kwa hiyo baba aliposema nitapiga picha, mimi nilifurahi. Mama ndiye aliyesema, bado macho yako kwenye ungo, "Mimi kamera hainitaki."

Alisema kwa utani, lakini nilijua si utani. Mama ni mweusi, weusi mzito unaong'aa, na nyumbani hakuna anayeona hilo kuwa neno. Yeye mwenyewe anajipaka mafuta asubuhi na kutoka akiwa amenyooka. Shida ni picha. Katika kila picha niliyowahi kuiona, mama alikuwa kitambaa cha kichwa, meno kama amecheka, na kati ya hivyo viwili giza. Hata picha ya kwenye kadi yetu ya familia ni hivyo. Kila mara watu walipojipanga kupigwa picha, kipaimara au ubatizo, mama alikumbuka sufuria jikoni.

Nikasema nitamwonyesha kwamba binti yake anaweza. Jumapili baada ya misa nilimsimamisha mbele ya nyumba yetu, akiwa na kitenge chake cha kijani. Nyuma yake kulikuwa na turubai jeupe la nyumba ya jirani, na juu ya turubai mbingu iliyowaka. Nilimpiga picha nyingi, nikamwambia ageuke hivi, ashike mkono hivi, acheke. Alinitii kama mtoto. Kesho yake tukaenda wote wawili senta.

Kaka wa kompyuta akaweka kadi. Turubai lilitoka vizuri ajabu, kila mkunjo wake ulionekana. Mawingu yalionekana. Kitenge kilionekana nusu. Kaka akasogeza uso karibu na kioo, akauliza kwa adabu, "Huyu ni nani?"

"Ni mimi," mama akasema. "Ama ni mlango."

Akacheka, na kwa sababu yeye alicheka sisi pia tukacheka. Njiani kurudi alizungumzia mvua iliyochelewa, mbuzi wa jirani, kila kitu isipokuwa picha. Tulipofika, akiwa anafungua kufuli la mlango, aliniambia bila kugeuka, "Siku ile mpige baba yako. Mimi piga gauni."

Jioni nikampigia shemeji kumuuliza kamera ina ugonjwa gani. Akaniambia haina ugonjwa, kuna kitufe nyuma, pale dole gumba linapokaa, chenye alama ya nyota. Hicho kinafunga mwanga. Unapima mwanga pale unapotaka, unaufunga, halafu unapiga. Aliongea haraka, simu ikakata, na sikuelewa unaufungaje mwanga kana kwamba ni mbuzi. Lakini kitufe nilikiona. Nikakibonyeza. Nikakibonyeza tena nikiwa nimeweka jicho kwenye kidirisha. Hakuna kilichobadilika, si sauti wala alama. Nikaamua kwamba nacho kilikufa siku ile kamera ilipoanguka.

Wiki iliyofuata mama na mimi tulikwenda mjini Mbarara kukodi gauni. Kwenye duka la magauni, karibu na soko kuu, mama alijaribu matatu, na lile la tatu lilimkaa, isipokuwa kiuno. Mshonaji alisema atafumua pembeni kidogo na kuongeza kitambaa, itachukua muda. Mama akaketi kwenye kiti cha plastiki, amefunga khanga juu ya sketi yake ya ndani, akaanza kupiga soga na wanawake wengine. Mimi kamera ilikuwa kwenye mfuko. Nikamuuliza mshonaji kama anamjua mpiga picha yeyote mwenye moyo wa kusikiliza. Akasema yuko mama mmoja Mkongomani upande wa pili wa mto, Nyamitanga, ambaye huwapiga picha maharusi wa duka hilo.

Nikachukua boda. "Nyabo, Nyamitanga wapi?" kijana aliniuliza, akiniita bibie kwa lugha ya kwao. "Kwa kanisa ama kwa shule?" Nikasema kwa studio ya yule mama Mkongomani, akasema, "Ah, huyo najua," na tukavuka mto Rwizi.

Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja kilichotazama barabara, pazia la bluu ukutani, benchi, kompyuta, mashine ya kuchapia picha. Mwenye studio alikuwa mwanamke mnene wa makamo, miwani ameipandisha kichwani, anakula muhindi wa kuchoma. Nilimsalimia, nikamweleza kwamba nimetoka Nakivale, kwamba wazazi wangu wanafunga ndoa, na kwamba mama yangu haonekani kwenye picha. Hakucheka. Akaweka muhindi kando, akafuta mikono.

"Leta nione, mwana."

Nikampa kamera. Nikamwambia kioo kimekufa, na kitufe cha nyota nacho kimekufa. Akaweka jicho kwenye kidirisha, akabonyeza, akashusha kamera, akatazama juu yake. Kulikuwa na gurudumu dogo pale lenye herufi na michoro, mmoja wa kijani, ambalo mimi sikuwahi kuligusa kwa sababu shemeji alinipa limekaa pale lilipokaa.

"Hii nyota haikufe," akasema. "Ni weye uliiacha gurudumu mu fasi ya kijani. Mu kijani kamera inafanya kila kintu yenyewe. Haitake mutu ayiambie neno." Akalizungusha gurudumu, tik, likasimama kwenye herufi P. "Sasa finya nyota."

Nikaweka jicho, nikabonyeza. Chini kabisa ya kidirisha, kando ya tarakimu, nyota ndogo ikawaka.

Siwezi kueleza nilivyofurahi. Nilikuwa nimeshaizika ile nyota, na kumbe ilikuwa inangoja gurudumu lisogezwe kidogo tu. Nilibonyeza tena na tena kuiona ikiwaka, mpaka mama yule akaniambia, "Basi, utaichokesha."

Kisha akanifundisha. Alitoka akasimama mlangoni, barabara yenye jua kali ikiwa nyuma yake, akaniambia nimpige hivyo hivyo alivyo. Nikampiga. Akaniambia nisogee karibu, nijaze uso wake wote kwenye kidirisha, nibonyeze nyota, nirudi nyuma nilipokuwa, nimpige tena kabla nyota haijazimika. Nikafanya. Akachukua kadi, akaiweka kwenye kompyuta, akaziweka picha mbili sambamba. Katika ya kwanza alikuwa kivuli cha mwanamke mnene, na nyuma yake boda zinapita wazi kabisa. Katika ya pili barabara ilikuwa imepauka, karibu kuwa nyeupe tupu, lakini yeye alikuwepo: mashavu, miwani kichwani, hata punje ya muhindi pembeni ya mdomo.

"Unaona?" akasema, akiipangusa ile punje. "Kamera haijue nani ni mutu na nani ni barabara. Inaona mwanga mingi, inaogopa, inapunguza. Inapunguzia bote, na mama yako anaingia mu giza bila kosa. Weye unaiambia: pima hapa. Ukishapima, funga. Halafu rudi mu fasi yako, piga. Ni ile tu."

Niliporudi dukani mama alikuwa amevaa gauni mbele ya kioo kirefu, wanawake wamemzunguka. Alikuwa amependeza, na alikuwa anajua. Sikumwambia nilikokwenda. Niliogopa kumpa ahadi nyingine.

Siku zilizofuata nilifunga mwanga wa kila kitu. Nilifunga mwanga wa kuku, wa sufuria nyeusi juu ya mafiga, wa ng'ombe wa Wanyankole walipopita kwenda kunywa maji na pembe zao ndefu. Dole gumba langu lilijifunza njia yake. Nilijifunza kwamba ile nyota haina subira. Ukizubaa sekunde chache inazimika na kipimo kimepotea, lakini ukiendelea kukishikilia kitufe inabaki. Baba akawa mtu wangu wa mazoezi, kwa sababu mama hakusogea karibu. Nilimvalisha shati lake jeupe la Jumapili, nikamsimamisha kwenye jua, nikapima mwanga usoni pake, nikafunga, nikapiga.

Kule senta, kaka wa kompyuta alipofungua picha, mimi na yeye tulitazamana. Uso wa baba ulikuwa unaonekana, tena kupita kiasi, umepauka kama umepakwa majivu. Lakini shati halikuwepo. Palikuwa na weupe mmoja tu kuanzia shingoni hadi kiunoni, bila vifungo, bila kola, kama karatasi iliyokatwa. Nikafikiria gauni la mama lenye lesi kifuani. Nikafikiria maneno yake: mimi piga gauni. Sasa hata gauni lisingekuwepo.

Nikampigia palepale mama wa studio, aliyenipa namba yake siku ile. Alinisikiliza, kisha akacheka kwa upole.

"Ulipima mu sura ya baba peke yake. Kamera ikasema, eh, hapa ni giza mingi, niongeze. Ikaongeza kupita. Mutu mweusi kabisa na nguo nyeupe kabisa, usipime mu huyu, usipime mu ile. Tafuta kintu ya katikati. Pima mu majani. Lakini sikia vizuri: majani yenye iko mu jua ileile ya mutu wako. Kama mutu iko mu kivuli, na majani ikuwe mu kivuli."

Nikarudi mbio nyumbani. Baba alikuwa ameshavua shati, nikamvalisha tena, akalalamika kwamba ndoa hii itamuua kabla ya siku yake. Nikaelekeza kamera kwenye nyasi miguuni pake, nikafunga, nikamwinulia, nikapiga. Kesho yake kule senta shati lilikuwa na vifungo vyote na baba alikuwa na uso wake mwenyewe, rangi yake mwenyewe. Nilimshika kaka wa kompyuta mkono, nikautikisa kama mtu anayeshukuru serikali.

Jumamosi iliamka na mvua. Ilinyesha tangu alfajiri, na watu waliingia kanisani wakiwa wameshika viatu mikononi. Maharusi wote walikaa benchi za mbele. Mama alikuwa ndani ya gauni lake, ametulia kama mtu anayesubiri zamu hospitalini. Ndani kulikuwa na giza la mvua na kelele ya bati, padri akilazimika kupaza sauti. Nilipiga picha za viapo nikijua nusu yazo hazitatoka. Baba alipoulizwa alijibu kabla padri hajamaliza swali, kanisa likacheka. Mama alijibu taratibu, kila neno limesimama peke yake. Nikaegemeza kamera kwenye nguzo.

Walipotoka, mvua ilikuwa imekatika na jua lilikuwa limetokea ghafla, lile jua la baada ya mvua linaloumiza macho. Uwanja wote ulikuwa matope. Kwa hiyo hakuna aliyekubali kuwapeleka maharusi kwenye nyasi; waliwasimamisha barazani, chini ya paa, wawili wawili, watu wapige picha kwa simu zao. Zamu ya wazazi wangu ikafika. Nikashuka ngazi, nikapiga magoti pembeni pasipo na matope mengi, nikaelekeza kamera kwenye nyasi kama nilivyojizoeza, nikabonyeza nyota.

Kisha nikakumbuka. Nyasi zilikuwa kwenye jua. Wazazi wangu walikuwa kivulini. Kama ningepiga hivyo, mama angekuwa mlango kwa mara nyingine, safari hii amevaa gauni la harusi, na sisi tungejua hilo baada ya siku kadhaa, gauni limesharudishwa.

Niliangalia huku na huku kama mtu aliyepoteza ufunguo. Kitu cha katikati, kilicho kivulini. Pembeni ya mlango, karibu na bega la baba, ukuta wa kanisa ulikuwa haujapigwa plasta. Matofali yalikuwa mekundu, ya udongo wa hapahapa, si meupe wala meusi, na yalikuwa chini ya paa lilelile. Nikapima kwenye matofali. Nyota ikawaka. Nikawarudia wazazi wangu, na wakati uleule wanakwaya wakapita mbele yangu na ngoma zao, mmoja, wawili, wote, wanaimba, na nilipopata tena nafasi nyota ilikuwa imeshazimika. Nikarudi kwenye matofali. Nikabonyeza, na safari hii sikuliondoa dole gumba.

Mama alikuwa amejificha nusu nyuma ya bega la baba.

"Mama, sogea mbele kidogo."

"Nimeshakuambia, piga gauni."

"Gauni liko nyuma ya baba!"

Watu wakacheka. Baba akainama akamnong'oneza kitu sikioni, kwa Kirundi, sikukisikia, na mpaka leo wote wawili wamekataa kuniambia ni nini. Mama akageuka kumpiga begani na shada la maua, na katika kugeuka huko akatoka mzima mzima mbele ya kidirisha changu, mdomo wazi kwa kicheko. Nikapiga. Nikapiga tena na tena, dole gumba limekufa ganzi, mpaka wakaitwa kwenda kukata keki.

Halafu sikujua chochote. Kaka wa kompyuta alikuwa amefunga. Betri ya sola ilimfia kwa sababu ya siku zile za mawingu, na alikuwa ameondoka kutafuta nyingine. Nilikaa na kadi ndogo mfukoni. Baba aliniuliza Jumapili asubuhi, kisha mchana, kisha jioni, zimetokaje? Mama hakuniuliza. Alikuwa amekunja gauni vizuri ndani ya mfuko wake wa plastiki, na namna alivyolikunja ilionyesha kwamba kwake mambo yameisha, na yameisha salama.

Jumatatu nilikwenda Mbarara kulirudisha. Kwanza nilikwenda duka la magauni, ili nisiwe na sababu ya kukimbia studio. Kisha nikavuka mto. Mama wa studio alikuwa na wateja, familia nzima yenye mtoto mchanga aliyekataa kufumbua macho, na nilikaa kwenye benchi nikimwombea yule mtoto afumbue. Hatimaye wakaondoka. Nikampa kadi bila hata kumsalimia vizuri.

Picha za kanisani zilikuwa kama nilivyoogopa. Nyingine zilikuwa na ukungu, nyingine zilikuwa giza na mshumaa. Kisha baraza. Ya kwanza ilikuwa mgongo wa mwanakwaya. Ya pili ilikuwa bega la baba na pua ya mama. Mama wa studio alibonyeza tena.

Akasema, "Eheee." Akashusha miwani kutoka kichwani, akaivaa. "Mama yako ni huyu? Mama muzuri hivi, na ulikuwa unaniambia haonekane?"

Mama alikuwa pale. Alikuwa mweusi, mweusi wake kamili, sijauongeza wala kuupunguza, na mwanga wa uwanja uliolowa ulikuwa umempanda shavuni na kwenye paji la uso kwa ulaini. Niliona kovu dogo juu ya nyusi alilopata utotoni. Niliona mikunjo ya macho. Niliona lesi ya gauni, kila ua, na mkono wake uliokuwa hewani na maua. Baba alikuwa anakwepa, tai imehamia upande. Matofali nyuma yao yalikuwa mekundu kama yalivyo. Nyasi kule pembeni zilikuwa zimepauka, na hakuna mtu duniani atakayezililia.

Nikaomba maji. Mama wa studio aliniletea kikombe, akaniwekea mkono mgongoni, akaniacha ninywe. Nilijiona mwepesi mpaka nikahisi usingizi, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani na shingo bado haijaamini. Tukachagua pamoja picha za kuchapisha. Ile moja aliichapisha kubwa, akaikata kingo mwenyewe, akaitia kwenye bahasha ngumu isikunjike njiani.

Nilifika nyumbani soko likiwa bado halijafungwa, nikapitiliza hadi kwenye meza ya mama. Alikuwa anapimia mteja ndagala kwa kopo. Nikangoja. Mteja alipoondoka nikamwekea bahasha mbele. Akafuta mikono kwenye kitenge, akafuta tena, akaitoa picha akiwa ameishika kwa ncha za vidole.

Aliiangalia muda mrefu. Kisha akasema, "Mama."

Nilidhani ananiita mimi, kwa sababu ndivyo anavyoniita akiwa amefurahi. Nikaitika. Alikuwa anagusa picha pale kwenye mdomo, bila kukifikisha kidole.

"Huyu ni mama," akasema tena. "Angalia anavyocheka. Mdomo unakwenda upande huu. Ni yeye."

Bibi yangu mzaa mama alifariki kabla sijazaliwa, na picha yake haikuwahi kuwepo. Mama alikuwa hajamwona tangu alipokuwa msichana. Sikuwahi kumsikia akieleza bibi alikuwa na sura gani. Nilidhani amesahau, na labda yeye pia alidhani hivyo. Sasa alikaa kwenye kigoda chake nyuma ya ndagala, picha magotini, akaanza kunisimulia. Bibi alikuwa mrefu. Alikuwa akicheka hivi hivi, kichwa nyuma, na wanaume wa kilimani kwao walikuwa wanasema anacheka sana kwa mwanamke aliyeolewa. Alikuwa na kovu kama hili, hapana, kovu hili ni langu, lakini paji la uso ni lake. Alisimulia kwa haraka, akicheka, akifuta macho kwa mgongo wa mkono ili harufu ya samaki isimwingie. Mteja mmoja alikuja, akasimama, akasikiliza, akaondoka bila kununua, na mama hakumwona.

Baba alipofika kutoka kwenye baiskeli zake alitaka kuiona naye. Mama alimpa, lakini mkono wake ulibaki umeshika kona moja. Baba akaiangalia, akakohoa, akasema, "Mbona hamkuniambia tai imepinda?"

"Umeoa mara mbili mke mmoja na tai bado hujui kufunga," mama akamjibu.

Kisha akainuka, akaifunga picha ndani ya kitenge safi, akaniambia nimkalie mezani. Alikuwa anakwenda kwa rafiki yake anayeuza viazi upande wa pili wa soko, halafu kwa mke wa katekista, halafu atarudi. Nilimwona akipita katikati ya watu akitembea haraka, akisimamishwa, akifungua kitenge, akikifunga, akiendelea. Nikakaa kwenye kigoda chake. Tangu asubuhi nilikuwa sijatia kitu tumboni na sikuwa nimekumbuka. Chini ya meza kulikuwa na bakuli la ugali wa muhogo na maharage aliyojiwekea yeye, yamepoa. Nikayala yote.